Client Mwenye Nilikatazwa Kuangalia Uso

Ku quartier yetu, nyuma ya gare ya Kamina, bananiita Pensionné, mustaafu. Niko na meno yote mu kinywa, mutoto wangu wa kwanza bado ananyonya, lakini kazi ilifungwa, bakanirudisha ku nyumba na barua ya aksanti na kikombe ya kunywea chai. Kama hii haiko pension, basi ni nini? Wazee wa chemin de fer, benye balitumika ku treni, bakiniona napita, banajisogeza ku banc: "Kuya, mwenzetu, ikala. Magoti iko namna gani?" Naikala. Nabambia magoti inaniuma wakati wa mvua. Banafurahi sana.

Naandika hii kwa ajili yenu badogo, benye munaikala leo chini ya parasol na tablette mu mukono, munafungulia bantu compte mbele chai yenu haijapoa. Juu ya mushahara sitasema kitu, sababu hapana muzuri kuchekea marehemu. Juu ya vyeo pia apana: nilianza ku guichet, nikamalizia ku guichet. Kitu moja tu ilipanda, ni kiti, siku yenye balikitia muto wa kuikalia.

Minyi nilimaliza sixième primaire, masomo ikaniachia pale, ao minyi njo niliiachia, tunasingiziana mpaka leo. Nilikuwa nauzisha unités za telefone na mikate mbele ya mulango ya coopérative, ile nyumba kadogo ya kuweka makuta, feza za bantu, pembeni ya soko. Mulango ilikuwa ya bleu. Ndani kulikuwa banc moja, na guichet ya vitre, kioo yenye tundu ya kusemea. Bamama ba mashamba balikuwa banafika na akili yote ya kufungula compte, banaona ile vitre, banageuka. Minyi nabaita: "Mama, mulango haiume! Hata jana ilikula, iko imeshiba!" Banacheka, banaingia.

Siku moja mama wa guichet akatoka inje. Mama Célestine. Mwanamuke munene, miwani yake ilifungwa na uzi nyuma ya kichwa, na rozari yake alikuwa anaiweka mu kasanduku moja na batampon, ile mihuri ya guichet.

"Weye njo unanitumia bantu benye kucheka?"

"Ndiyo, mama."

"Unajua kuandika?"

"Jina yangu na ya adui zangu."

"Ingia. Adui utabaacha inje."

Njo vile niliingia mu kazi. Nilifikiri nitafanya juma moja, kisha nirudilie mikate yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujaza fiche. Fiche ni ile karatasi ya nguvu yenye inabeba muntu mzima: jina, mwaka, kazi, photo, signature, na jina ya mwenye atarizi makuta yake akikufa. Siku ya kwanza baba mumoja wa kijiji akaniambia jina yake ya kuzaliwa, kisha ya batizo, kisha ya kikubwa, kisha ile bwana-shamba mumoja alimupa, kisha ya utani. Minyi nikaandika yote. Fiche ikajaa, hakukubakia nafasi ya photo. Mama Célestine akaangalia, akatosha miwani, akapangusa, akairudisha, ikawa vile vile.

"Sikia, kijana. Mwambie aende kuikala ku banc. Akiwa anatembea, mugongo iko kwako, ita majina moja moja. Ile yenye atageuka nayo, njo ya kuandika kwanza."

Nilifanya vile. Yule baba hakugeuka na jina ya batizo, hakugeuka na ya kikubwa. Niliita ya utani, akageuka na mwili yote. Toka ile siku nilifungula compte zote namna ile. Tablette yenu haijue hii. Tablette inauliza jina, muntu anajibu yenye anafikiri banapenda, basi. Kisha munashangaa kama munaita, na muntu haitike.

Tena vidole. Muntu mwenye alilima maisha yake yote, kidole gumba yake inakuwa laini sawa jiwe ya muto. Unatia wino, unafinya ku karatasi, inatoka doa moja nyeusi, hakuna alama hata moja. Mama Célestine alikuwa anachunga chupa kadogo ya mafuta ya ngazi, yale mawese, chini ya meza. Tone moja, unasugua polepole, unangojea ngozi ikunywe, unapangusa, njo unatia wino. Alama zinarudi. Bazee bengi balikuwa banashangaa kuona kidole yao ingali na mistari. Mumoja aliniambia: "Kumbe niko na njia zote hizi, na sikutoka hata Kamina."

Na kufungula compte ni mwanzo tu. Kuichunga njo kazi. Bantu banageuka, na fiche inapaswa kugeuka nabo. Mwalimu mumoja alikuwa anapenda signature yake mpaka kila mwezi anaiongezea mukia. Ikafika wakati tunamukatalia, akakasirika: "Munataka nibakie mutoto?" Na babibi ba basoda, ba askari ba base! Leo beko hapa, kesho bwana anatumwa fasi ingine, banaanza kufunga masanduku. Mumoja kila mara anagombana na bwana yake, anakuja kugeuza jina ya mwenye atarizi: bwana, dada, bwana, dada. Kwa kuangalia tu fiche yake nilijua kama mu camp beko na amani.

Sasa niko nafika ku yule mama. Nilikuwa najizungusha zungusha, mumeona.

Alikuja saa ya jua kali, kitunga ya karanga ku kichwa, na mutoto wake mwanamuke nyuma. Jina yake sitaandika hapa. Mbele kidogo mutaelewa sababu gani.

"Mwenye kufuata!" nikaita.

"Minyi sifuate muntu," akajibu. "Minyi njo wa kwanza. Hawa benye beko mbele bananitangulia tu."

Banc yote ikacheka. Nikakamata fiche mupya.

"Mama, ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wenye baba yangu alianguka ku muti ya ngazi."

"Hapa banataka namba, mama."

"Alianguka mara moja. Andika moja."

"Kazi?"

"Kulima, kuuzisha karanga, na kugombeza bwana."

"Nafasi iko kidogo, mama. Kazi moja tu."

"Andika ile ya mwisho. Zile zingine ziko na siku ya kupumuzika."

Hakusoma, nikamuletea tampon ya wino ya kidole. Akaikataa. "Kidole kila muntu iko nayo. Nipe Bic." Akainama, akatosha ulimi kidogo, akachora mukulu, mguu ya kuku: vidole mbele, na moja nyuma. Njo ikakuwa signature yake, na hakuna hata siku moja ilitofautiana. Yule mwalimu wa mukia angekuja kujifunzia kwake.

Ikabakia photo. Tulikuwa na appareil kadogo, tunasimamisha client mbele ya kikwembe ya bleu, kitambaa yenye tulipigilia misumari ku ukuta. Sheria ya photo ilikuwa moja: usicheke. Nikamwambia, "Mama, usicheke." Ilikuwa sawa nimemutekenya. Nilirudilia na kurudilia, nikamuonesha Mama Célestine, nikangojea anigombeze. Akaangalia ile uso, meno yote inje, macho imefungwa na kicheko.

"Achia vile," akasema. "Uso yenye atakuja nayo njo hii."

Na ni kweli, njo alikuwa anakuja nayo, kila mara akimaliza kuuzisha. Nikisikia kandambili zake ku mulango, nilikuwa naharakisha client mwenye iko mbele yangu, ile haraka ya mubaya, mpaka Mama Célestine ananipiga kiwiko. Yule mama anaikala, ananiangalia. "Kijana, ile shati alikuuzishia ni muntu mwenye anakuchukia?" Minyi namujibu: "Mama, karanga zako za juma ile, hata panya balirudisha." Tunaenda vile, kumbe kazi ilimalizika zamani, na banc inatusikiliza bure.

Mama yangu minyi alikufa nikiwa mudogo sana. Uso yake siikumbuke, na photo hatukukuwa nayo. Sisemi hii ili munihurumie. Nasema tu kama uso ya yule mama njo uso ya mama yenye nilijifunza kujua vizuri, na niliijifunzia ku vitre.

Yule mutoto wake mwanamuke, Mado, alikuwa anaikala ku banc bila kusema, anachekea mu kiganja. Na minyi, sawa mujinga, nikaanza kuangalia banc.

Mambo ikaenda mpaka nikatuma bantu kwao kumuomba Mado. Mbele ya jibu kutoka, mama akakuja ku guichet, akamaliza yake, lakini hakusimama. Hakucheka. Akasogea karibu na vitre.

"Kijana, angalia minyi vizuri."

"Kuko nini, mama?"

"Angalia tu."

Nikaangalia. Nikafikiri iko na unga ku shavu, nikamuonesha kwa kidole. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo tu, akaenda. Minyi nikaita mwenye kufuata.

Kisha bakanikubalia. Na pale njo nikapata bibi, nikapoteza client.

Badogo benye munatoka fasi zingine, sikieni: kwetu Baluba, mama mukwe ni heshima kubwa. Njo tunaita buko. Humuangalie uso. Humuite jina. Mukikutana mu njia, mumoja anapinda. Ukikula, asikuone. Ukivunja ile, bantu habasemi weye ni mubaya tu, banasema ule mama haiko na bei. Familia zingine, kisha wakati, mukwe analeta mbuzi, banafungula macho, banaangaliana. Lakini yule mama, barafiki zake bote balichunga buko mpaka kaburini, naye akasema wazi: "Minyi pia nitakufa na heshima yangu." Basi mbuzi ikabakia inakula majani.

Siku ya mazungumuzo na familia, nikanyoosha mukono sawa mu masomo. Mwenye alikuwa anasema kwa jina ya familia ni baba mudogo wa Mado, Kasongo, muzee ya sauti ya polepole.

"Baba, na ku kazi? Sheria ya kazi inaniambia niangalie uso ya client na photo yake, nione kama ni muntu moja."

Bantu bakacheka. Kasongo hakucheka. Akafikiri.

"Uso, apana," akasema. "Photo..." Akafikiri tena. "Photo haiko muntu. Photo haikusalimie, haikuulize kama mutoto wetu anakula. Photo utaangalia."

Mutaona kama ile neno ilifanya kazi kubwa kuliko mbuzi.

Mara ya kwanza alirudia ku guichet kisha ile, nikasikia kandambili, nikajitupa chini ya meza. Mama Célestine akainama.

"Weye, unatafuta nini mu miguu yangu?"

"Mama mukwe."

"Haiko mu miguu yangu. Simama, ikala ku kiti, angalia fiche."

Yeye mwenyewe akatoka, akakamata banc, akaigeuza. Tangu pale, mama akifika, anaikala ku ile banc, mugongo kwangu, uso ku ukuta, kikwembe ku kichwa. Minyi naangalia photo. Mama Célestine anazunguka, anaangalia uso. "Njo yeye?" nauliza. "Njo yeye," anajibu. Client moja, kazi ya bantu babili. Chef yeyote wa bureau yetu kubwa ya Lubumbashi angeona ile, angelia. Siku moja bibi ya soda, mugeni, akaona tunageuziana migongo, akauliza kwa Lingala: "Bazoswana?", kama kusema tunagombana. Mama Célestine akamujibu: "Apana, mama. Banapendana. Njo vile inakuwaka."

Na tulisemezana! Lakini si mumoja kwa mwenzake.

"Ukuta," mama anasema, "ule kijana alikula?"

Minyi nakamata tampon. "Tampon, ambia ukuta kama alikula."

"Ukuta, uliza kama mutoto wangu anamupikia chumvi ya kutosha."

"Tampon, sema chumvi iko. Kugombezwa pia kuko, inaonekana ni ya familia."

Mugongo yake inatikisika. Njo kicheko yangu ilikuwa ile: mabega chini ya kikwembe. Na mbele yangu, ku fiche, ile uso ya zamani, meno inje. Natia sauti ya leo mu photo ya zamani, inaenea vizuri. Inje ya ule mulango ya bleu hatukukuwa na neno hata moja. Mu njia nikimuona mbali, naingia mu mahindi ya bantu. Siku moja nilikosa mahindi, nikaingia mu salon ya kusuka nywele, bakanikalisha ku kiti, bakaniuliza nataka musuko gani.

Kisha Mama Célestine akaitwa na mutoto wake ku Bukama, akaenda kupumuzika. Pension ya kweli, ile ya magoti. Aliniachia chupa ya mafuta ya ngazi. Ku mulango akageuka: "Sasa nani atakuangalilia ule uso?" Akatikisa kichwa, akapanda kinga, baiskeli ya muntu wa kubeba bantu, miwani na uzi na yote.

Na mama hakukuja tena. Angekuja namna gani? Hakukuwa muntu wa kuangalia uso. Ku nyumba Mado ananiletea karanga, "Mama alituma," basi. Banc ilibakia imegeuka ku ukuta. Ba client bananiuliza sababu gani siirudishe. Nabambia miguu yake ilivunjika.

Halafu ikafika habari toka Lubumbashi: guichet inafungwa. Compte zote zinaingia mu telefone. Kila client akuje na uso yake mwenyewe, agent mwenye anamujua amutambue, bamukamate photo mupya na tablette. Mwenye hatakuja, fiche yake itaenda mu carton mpaka Lubumbashi, na atapaswa kuifuata kule. Na yule mama, mu ile compte, mulikuwa mabati ya nyumba yake: majani ya juu yalioza, mvua ilikuwa inamunyeshea mu kitanda. Lubumbashi kwake ilikuwa sawa mwezi ya mbinguni.

Chef mumoja kijana akakuja na tablette, Hervé, muntu wa adabu, viatu vyenye kungaa. Nikamwambia Mado: "Ambia mama akuje. Hervé njo atamukamata photo, minyi nitatoka inje."

Mado akaenda, akarudi.

"Anasema hajue Hervé."

"Hervé haiko muntu mubaya!"

"Anasema compte yake ilifunguliwa na muntu moja."

"Mado, ule muntu moja ni mukwe wake!"

"Anajua. Njo alinizaa minyi." Akaenda kupika.

Siku ya mwisho, bantu bakajaa, bakapungua, bakaisha. Hervé akaanza kufunga ba carton. Fiche yake niliiacha chini ya zote, sikuitia mu carton. Naangalia mulango. Hervé ananiuliza kama kuko mwingine. Nasema labda. Ananiuliza tena. Nasema labda.

Kandambili.

Nikageukia kasanduku ya batampon mbio mbio. Nikasikia banc inalia, anaikala, uso ku ukuta. Hervé akasogea kwake.

"Karibu, mama. Mugeuke huku, tafazali."

"Weye ni nani?"

"Minyi njo chef."

"Chef wa nini?"

"Wa guichet."

"Ile yenye inafungwa leo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ungali chef kidogo. Ngoja." Akakohoa. "Ukuta, uliza ule kijana: ile kitu ya mugeni inakamata bantu, ao inakamata photo?"

Mukono yangu ikatafuta tampon. Zote zilikuwa mu carton. Nikakamata kikombe yangu ya zawadi.

"Kikombe, sema inakamata photo."

"Kasongo alisema nini juu ya photo?"

Pale njo nikaelewa. Hakuchelewa kwa kuogopa. Alikuwa amefika na jibu yake mu kikwembe, anangojea tu guichet ibakie na bantu kidogo.

"Alisema photo haiko muntu."

"Basi ule kijana akamate ile kitu."

Hervé alituangalia, kikombe, ukuta, minyi. Hakuelewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Akanipatia tablette, akaenda ku dirisha. Nikaiinua mbele ya uso yangu na mikono mibili, ikafunika kila kitu, mpaka nilikuwa naona screen tu.

"Tayari, mama."

Banc ikalia. Na mu screen akageuka.

Badogo, muniambie munavyotaka kama photo ni photo. Ile ilikuwa inapumua. Nywele za mbele zilikuwa nyeupe. Jino moja ya juu ilitoka, sikujua, hakuna muntu aliniambia. Chini ya macho kulikuwa mistari mupya yenye fiche yangu haikukuwa nayo. Wakati yote ile nilikuwa natia sauti yake mu uso ya zamani, kumbe uso iliendelea bila minyi.

"Mama, usicheke," nikasema.

Akacheka. Meno yote inje, kasoro ile moja.

Nikafinya. Photo ikatoka muzuri kabisa. Nikasema: "Haikutoka. Tunarudilia." Nikafinya tena. "Umetingishika, mama." Hakutingishika. "Mwangaza iko mubaya." Mwangaza ilikuwa muzuri. Hervé, ku dirisha, alikuwa anaona photo zote zinaingia. Akaanza kuangalia mawingu kwa nguvu, sawa muntu wa météo.

"Ile mashine inakula mingi," mama akasema, ananiangalia wazi mu screen.

"Iko na njaa, mama." Sikusema kikombe. Nilisahau kikombe.

Akainua kidevu.

"Basi ishibe."

Ikashiba, ao ikasema imeshiba. Akanyoosha kidole, akachora mukulu ya kuku ku tablette, vile vile. Akarudisha kikwembe ku kichwa, akageukia ukuta, akasimama, akaenda. "Wafwako," akaaga ukuta na aksanti ya Kiluba. Nikarudishia Hervé mashine yake. Akaizima.

Sasa mabati yake iko juu, inangaa, naiona toka ku banc ya wazee. Compte yake iko mu telefone, Mado anamusomea, haiko na haja ya muntu. Ni vizuri. Nilifanya kazi yangu vizuri mpaka ikamaliza kunihitaji. Lakini nakuwa na hamu ya ile guichet mpaka inanishangaza. Harufu ya wino na mafuta ya ngazi. Miwani ya uzi. Na zaidi ya yote ile banc ya kugeuka, sababu Kamina yote hakuna fasi ingine yenye minyi na yule mama tulikuwa na ruhusa ya kusemezana.

Juzi natoka ku soko, namuona mbele yangu mu njia, mugongo, kitunga ku kichwa. Nikapunguza mwendo, vile inapaswa. Na fungu moja ya mboga ya lengalenga ikateleza ku kitunga, ikaanguka. Hakusikia. Anaenda tu.

Nikaokota. Najua jina yenye angegeuka nayo. Niliijua toka siku nilijaza fiche yake: alikuwa anatembea kwenda ku banc, niliita, akageuka. Niliita majina ya Kamina nzima namna ile, na hii moja njo sina ruhusa. Kinga zinapita, anaenda mbali. Nikatafuta muntu wa kutuma, hakuna.

Nikajaza kifua.

"Mwenye kufuata!"

Akasimama. Hakugeuka. Kitunga haikutingishika hata kidogo.

"Minyi sifuate muntu," akaambia njia. "Minyi njo wa kwanza."

Nikaweka lengalenga pa kati ya njia, nikarudi nyuma, nikageukia majani. Nikasikia kandambili zinarudia, polepole, zinasimama. Akaokota. Nikangojea ziende. Hazikuenda.

"Njia," akasema, "ule kijana alikula?"

Nilikuwa nimetoka kukula bukali ya kushiba, na samaki, na kuongezewa.

"Majani," nikasema, "ambia njia kama bado."